Mgongo Unaouma Haupendi Kitanda

SOMO LA AFYA



Msimu wa kilimo haumsubiri mgonjwa. Mvua ikinyesha, shamba lataka mbegu. Magugu yakiota, shamba lataka jembe. Mkulima akilala ndani wiki sita kwa sababu ya kiuno, mahindi yake humezwa na magugu. Njaa ya mwaka ujao huanzia hapo.

Kila kijiji kina watu wanaoumwa mgongo. Wengine huumwa siku chache, wakapona. Wengine huumwa miezi na miaka. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Hiyo ni sawa na mtu 1 katika kila watu 13. Kwa hiyo ukiumwa kiuno, hukulogwa, wala hauko peke yako.

Katika somo hili tutajifunza mambo manne:

1. Mgongo umejengwaje.
2. Kwa nini unauma.
3. Ufanye nini nyumbani na shambani.
4. Dalili zipi zikitokea uende hospitali bila kukawia.

MGONGO UMEJENGWAJE

Pitisha vidole vyako katikati ya mgongo, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Utagusa vinundu vigumu vilivyofuatana. Kila kinundu ni sehemu ya mfupa mmoja. Mifupa hiyo huitwa pingili. Shingoni ziko pingili 7. Kifuani ziko 12. Kiunoni ziko 5. Chini ya hizo kuna mifupa iliyoungana pamoja mpaka kwenye kifandugu.

Pingili za kiunoni ni kubwa kuliko zote, kwa sababu ndizo zinazobeba uzito mwingi wa mwili. Ndiyo maana watu wengi huumwa kiunoni.

Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama kitakia. Kitakia hicho huitwa diski. Nje yake ni kigumu, kama ukanda uliosukwa tabaka juu ya tabaka. Ndani yake mna ute mzito. Diski huzuia mifupa isigongane. Pia huuwezesha mgongo kuinama na kugeuka.

Nyuma ya diski hupita mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Mishipa hiyo hupeleka habari kutoka kwenye ubongo hadi miguuni, na kuzirudisha. Mshipa mmoja ukibanwa kiunoni, mtu anaweza kusikia maumivu kwenye unyayo.

Sasa shika jambo hili vizuri. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ya kutosha. Hunyonya chakula chake polepole kutoka kwenye mifupa iliyo jirani. Mwendo wa mwili huisaidia. Unapotembea, diski hubanwa na kuachiwa, hubanwa na kuachiwa, kama kitambaa kinachokamuliwa ndani ya maji. Mtu asiyejongea huinyima diski yake chakula.

KWA NINI MGONGO UNAUMA

Diski huchakaa kadiri mtu anavyoongeza miaka, kama nywele zinavyoota mvi. Hukauka kidogo na kuwa nyembamba. Hilo peke yake si ugonjwa. Watu wengi wana diski zilizochakaa na hawasikii maumivu yoyote.

Wakati mwingine ukanda wa nje wa diski hupasuka kidogo. Ute wa ndani husukumwa nje na kuugusa mshipa wa fahamu. Mshipa huvimba. Hapo mtu husikia maumivu kama moto au shoti ya umeme. Huanzia kiunoni au kwenye tako, hushuka nyuma ya paja, na huweza kufika mguuni. Huzidi anapoinama, anapokaa muda mrefu, anapokohoa au kupiga chafya.

Watu husema, "Mgongo umechomoka." Si kweli. Diski haichomoki kama gurudumu la baiskeli. Imeshikwa kwa nguvu na mifupa ya juu na ya chini. Tena, ute uliotokeza mara nyingi husinyaa wenyewe. Kwa watu wengi maumivu ya mguu hupungua sana katika wiki 6 hadi 12, hata bila kupasuliwa.

Mambo yanayozidisha hatari ni haya:

- Kubeba mizigo mizito, hasa kwa kuinama na kugeuka kwa wakati mmoja.
- Kuinama muda mrefu bila kupumzika.
- Kukaa muda mrefu kwenye chombo kinachotikisika, kama trekta au pikipiki katika njia mbaya.
- Kuvuta sigara. Moshi huharibu mishipa midogo ya damu, na diski hukosa chakula.
- Mwili kuwa mnene kupita kiasi.
- Kukaa bila kazi wala mazoezi, misuli ikalegea.

Maumivu yakizidi miezi 3 huitwa maumivu sugu. Hapo jambo jingine huweza kutokea. Mishipa ya fahamu huzoea kupiga kelele. Fikiria mbwa mlinzi aliyeumwa na mwizi. Baada ya siku hiyo hubweka hata jani likidondoka. Mshipa nao huweza kubweka hivyo, hata kama jeraha limekwisha kupona. Kukosa usingizi na wasiwasi huzidisha kubweka huko. Kwa hiyo kuumwa sana si lazima kuwe kuharibika sana. Ukijongea polepole kila siku, unamfundisha mbwa huyo kutulia.

DALILI ZA HATARI

Kabla hatujazungumza juu ya mazoezi, jifunze dalili hizi. Mtu mwenye dalili hizi asingoje, wala asikandwe.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona:

- Mkojo hautoki, au unatoka bila wewe kujua. Au haja kubwa inakuponyoka.
- Ganzi katika sehemu za siri na matakoni, yaani sehemu zinazogusa tandiko unapoendesha baiskeli.
- Mguu mmoja au yote miwili inalegea, au unyayo unaburuzika.
- Maumivu yameanza baada ya kuanguka kutoka mtini, kwenye paa, au baada ya ajali.

Dalili tatu za kwanza zina maana kwamba mishipa ya fahamu inabanwa vibaya. Ikiachwa, mtu anaweza kupoteza miguu yake au uwezo wa kuzuia haja maisha yake yote. Ikiwahiwa, upasuaji unaweza kumwokoa. Hapa saa zina thamani.

Nenda zahanati upesi, usipitishe siku nyingi, ukiona:

- Homa, jasho jingi la usiku, kukonda, au kigongo kinachotokeza katikati ya mgongo. Huenda ni kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Kinatibika, na katika Tanzania dawa zake hutolewa bure.
- Homa za kupanda na kushuka, hasa kama unafuga au unakunywa maziwa mabichi. Huenda ni ugonjwa unaotoka kwa mifugo, ule unaofanya ng'ombe watupe mimba.
- Homa pamoja na maumivu wakati wa kukojoa. Huenda ni ugonjwa wa njia ya mkojo au figo.
- Maumivu mapya kwa mtu aliyepita miaka 50, naye anakonda, au hapati nafuu hata akilala.

UKIFIKA ZAHANATI

Usiseme tu, "Kiuno kinauma." Eleza yote. Soma mazungumzo haya ya mama mmoja na mganga kijana.

Mganga: Shikamoo, mama.
Mama: Marahaba, mwanangu. Kiuno kinaniua.
Mganga: Pole sana, mama. Kilianza lini?
Mama: Tangu wakati wa palizi. Huu ni mwezi wa tatu.
Mganga: Maumivu yanashuka mguuni?
Mama: Yanashuka mguu wa kushoto mpaka kwenye unyayo. Nikiinama yanazidi. Nikitembea yanapungua.
Mganga: Samahani, mama, nitakuuliza mambo ya ndani. Haja ndogo na kubwa unazimudu? Unapokalia kuna ganzi?
Mama: Nazimudu. Ganzi hakuna.
Mganga: Je, homa, jasho la usiku, au kukonda?
Mama: Hakuna, mwanangu.

Mama huyu amejibu bila haya. Kwa majibu hayo mganga ameweza kujua kwamba hakuna dalili ya hatari. Huenda asimpeleke kupigwa picha. Usikasirike akifanya hivyo. Eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi diski. Kipimo kinachoonyesha diski vizuri huitwa MRI, nacho kinapatikana katika hospitali kubwa. Wagonjwa wengi hawakihitaji.

UFANYE NINI NYUMBANI

Zamani wagonjwa wa mgongo waliambiwa walale kitandani wiki nyingi. Siku hizi waganga hawashauri hivyo. Imeonekana kwamba anayelala sana huchelewa kupona. Misuli yake hulegea, viungo hukakamaa, na hofu huongezeka.

Maumivu yakiwa makali, pumzika siku moja au mbili. Lakini hata siku hizo amka mara kwa mara, utembee uani. Baada ya hapo rudi kwenye kazi nyepesi, hata kama maumivu hayajakwisha.

Kitanda. Kitanda cha kamba kilicholegea huupinda mgongo usiku kucha. Kikaze au ukiwambe upya. Lala ubavu huku umekunja magoti kidogo, na uweke mto au kanga iliyokunjwa kati ya magoti. Unapoamka, usiinuke kama umevutwa kwa kamba. Geuka ubavu kwanza, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mikono.

Joto. Jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa kitambaa kizito, uiweke kiunoni kwa dakika 15 hadi 20. Jihadhari usijiunguze. Mwenye ganzi asifanye hivi.

Kukandwa. Kukandwa taratibu kunaweza kutuliza. Lakini usikubali mtu akukanyage mgongoni wala akuvunje kwa nguvu. Usichanjwe chale. Wembe uliotumiwa na mtu mwingine unaweza kukuletea virusi vya UKIMWI, ugonjwa wa ini au pepopunda, na chale haifiki kwenye diski.

Dawa. Vidonge vya kupunguza maumivu na uvimbe vinaweza kusaidia kwa siku chache. Viulizie zahanati. Usinunue dukani ovyo, wala usichomwe sindano kila wiki. Dawa hizi zikitumiwa muda mrefu huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mgonjwa wa figo na mwenye shinikizo la damu wasizimeze kabla ya kumwona mganga.

Mkanda wa kiuno. Katika mwongozo wake wa Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani halikushauri mikanda ya kiuno kuwa tiba ya kawaida ya maumivu sugu. Limeshauri elimu na mazoezi. Mkanda bora ni misuli yako mwenyewe.

MAZOEZI YA KILA SIKU

Fanya asubuhi na jioni juu ya mkeka. Anza kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

1. Kutembea. Tembea dakika 10 mara mbili kwa siku. Kila wiki ongeza dakika chache, mpaka ufikie dakika 30.

2. Kulala kifudifudi. Lala kwa tumbo dakika 2. Kisha jiinue kwa viwiko, kiuno kibaki chini. Hesabu hadi 10, ulale tena. Rudia mara 5.

3. Goti kifuani. Lala chali. Vuta goti moja taratibu kuelekea kifuani. Hesabu hadi 10. Badilisha mguu. Rudia mara 5.

4. Kuinua nyonga. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo ziko chini. Inua nyonga. Hesabu hadi 5, shusha. Rudia mara 10.

Kumbuka kanuni ya mguu. Kama zoezi linafanya maumivu yapande kutoka mguuni kurudi kiunoni, ni dalili njema, hata kama kiuno kinauma kidogo. Endelea. Kama zoezi linafanya maumivu yashuke zaidi mguuni, liache, ujaribu jingine.

Usitazamie kupona kwa wiki moja. Fanya kwa wiki 6 au zaidi. Maumivu yakirudi siku moja, usivunjike moyo. Punguza mazoezi, lakini usiyaache.

KAZI ZA SHAMBANI NA NYUMBANI

Jembe. Jembe lenye mpini mfupi humwinamisha mtu mno. Weka mpini mrefu unaolingana na kimo chako. Gawanya kazi vipande vipande. Palilia nusu saa, kisha simama, weka mikono kiunoni, ujinyooshe kwa nyuma mara 5. Siku ukisikia nafuu, usilime shamba zima kwa furaha. Kesho yake utalala.

Kunyanyua. Simama karibu na mzigo. Tanua miguu. Kunja magoti. Vuta mzigo karibu na tumbo, kisha inuka. Jaribu jambo hili: shika ndoo yenye maji kidogo karibu na kifua, halafu inyooshe mbele kwa mikono. Maji ni yale yale, lakini mgongo unalemewa zaidi. Tena usigeuze kiuno ukiwa na mzigo. Geuza miguu.

Magunia. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebe kwa mikono mzigo unaozidi kilo 55. Gunia la mahindi la kilo 100 linakaribia kuwa mara mbili ya hapo, na lumbesa huzidi hata hilo. Gawanya gunia katika viroba viwili. Au beba na mwenzako. Tumia mkokoteni, baiskeli au punda. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nyumbani. Funga ufagio kwenye mti mrefu. Weka karai la kufulia juu ya meza au kigoda kirefu. Jenga jiko lililoinuliwa, usiinamie mafiga. Unapochambua mboga au kupukuchua mahindi, badilisha mkao kila baada ya muda mfupi.

MGONGO WA MAMA

Sasa tufanye hesabu. Ndoo ya lita 20 ya maji ina uzito wa kilo 20. Mama akiteka ndoo 3 kwa siku, amebeba kilo 60. Kwa wiki moja amebeba kilo 420. Hapo hatujahesabu kuni, mtoto mgongoni wala jembe.

Baba akiumwa kiuno, mara nyingi kijiji kizima hujua. Mama akiumwa, mara nyingi huendelea na kazi mpaka aanguke. Na mama akianguka, nyumba haina maji, watoto hawali kwa wakati, na shamba husimama.

Dawa kubwa ya mgongo wa mama haiko dukani. Iko kwa watu wa nyumba yake. Baba achukue baiskeli akateke maji. Vijana wa kiume wabebe kuni kama dada zao. Ndoo ya lita 20 igawanywe katika ndoo mbili za lita 10. Kuugawana mzigo si kumdekeza mama. Ni kuilinda nyumba.

JE, UPASUAJI?

Watu wachache tu huhitaji kupasuliwa. Ni wale wenye dalili za hatari tulizozitaja, au wale ambao maumivu makali ya mguu hayakupungua baada ya wiki nyingi za matibabu. Mganga wa wilaya akiona inafaa, atakupa barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa. Kwa mfano, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyopo Dar es Salaam, hupasua migongo. Baada ya upasuaji, mazoezi hubaki kuwa ya lazima.

KUMBUKA

- Maumivu mengi ya diski hupungua bila kupasuliwa.
- Diski hulishwa kwa mwendo. Usilale siku nyingi.
- Beba kidogo kidogo, karibu na mwili, bila kugeuza kiuno.
- Mkojo ukizuilika, ukalio ukifa ganzi, au mguu ukilegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo.
- Gawaneni mizigo nyumbani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Diski ni nini, nayo hupataje chakula?
2. Taja dalili tatu za kumpeleka mgonjwa hospitali bila kungoja asubuhi.
3. Kwa nini chale haziwezi kuponya diski?
4. Nyumbani kwako hutekwa ndoo ngapi za maji kwa siku? Ni kilo ngapi kwa wiki? Nani huzibeba?
5. Kazi ya kufanya: pimeni mipini ya majembe yenu. Wenye mipini mifupi waibadilishe kabla ya palizi.